Kampuni ya sola inasema "ishi kijani", mi naanza na swali la betri

Swali limetoka kwa kijana wa kijiji kimoja cha mwambao huku Kigoma, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Kuna kampuni ya umeme wa kijani imefika kwetu, wamepanda miti shuleni, wamegawa tisheti, wanasema wanahamasisha maisha endelevu. Wanatoa sola ya kulipa kidogo kidogo miaka miwili, na jiko banifu la mkaa kwa bei ya kutupa. Mama anataka asaini, baba mdogo ni mvuvi wa dagaa naye anataka. Mi najiuliza, kampuni kama hii inasaidiaje kweli watu waishi bila kuharibu mazingira, au ni biashara tu imevalishwa rangi ya kijani?"

Marahaba mdogo wangu, na mama msalimie.

Hiyo ya "biashara tu" tuiweke pembeni kwanza. Ni biashara ndiyo, na mi sioni ubaya wake, tena kampuni inayokuambia haijali faida ndo ya kuiogopa, hela ya mfadhili ikikata wanafunga ofisi, namba hazipatikani, wewe umebaki na boksi ukutani linadai tokeni ambayo hakuna wa kukuuzia. Nimeshaitwa kufungua maboksi ya hivyo zaidi ya mara moja na mengine yamefungwa humo ndani kwa programu yao, hata uwe fundi wa namna gani huyafufui, unaishia kung'oa paneli ukaitumie kwingine. Kwahiyo mi huwa naangalia kitu kimoja, hawa jamaa faida yao inaingia lini? Kama inaingia yote siku mnasaini, kesho yake nyie ni usumbufu kwao. Kama inaingia kidogo kidogo na wanategemea mkimaliza deni mje mchukue friji au pampu kwao hao hao, basi hata wasipotaja mazingira watahangaika taa yenu iwake. Na taa ikiendelea kuwaka mwaka wa tano bila kununuliwa nyingine, hapo kuna kitu kimeokolewa kweli.

Sasa hilo neno maisha endelevu limekuwa kama chumvi, kila mtu anatia kwenye chungu chake. Wakala atakuambia sola inaondoa mafuta ya taa. Ni kweli lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa kama kilo 2.5 za hewa ukaa, na moshi wa kibatari unaingia kifuani kwa mtoto anayesoma nao usiku kucha. Lakini hebu pita nyumba kumi hapo kwenu uhesabu vibatari. Watu wengi siku hizi wana tochi za kichina za bei rahisi na mawe yake, yakiisha yanatupwa chooni au kwenye shamba la mihogo. Kampuni ikija kwa nyumba kama hiyo na kujisifu imeokoa lita kadhaa za mafuta ya taa, inahesabu moshi ambao haukuwepo. Inayojua kazi inauliza kwanza, usiku mnatumia nini, simu mnachaji wapi, kwa shilingi ngapi, alafu ndo inafungua begi.

Tuje kwenye hesabu maana hapo ndo watu wanaumia. Tuseme wanawapa paneli ya wati 50. Jua la huku kwetu siku nzuri ni kama masaa 5 ya nguvu kamili (jua lipo tangu asubuhi lakini la saa moja na la saa sita si jua moja), toa hasara za joto, waya, vumbi na betri, unabaki na kama asilimia 70. Yaani wati 50 mara 5 mara 0.7, unapata watisaa 175 kwa siku. Taa nne za wati 3 zikiwaka masaa matano zinakula 60. Tivii ndogo ya wati 20 kwa masaa manne inakula 80. Simu mbili kama 20 hivi. Jumla 160, umefika ukingoni. Hiyo ni siku ya jua, ikianza mvua ya Novemba ikaenda mpaka Aprili kuna siku utapata nusu ya hapo na kuna siku chini ya nusu. Sasa wakala akija na tivii ya inchi 32, na redio kubwa, na pasi (aisee kuna mtu aliwahi kuahidiwa pasi!), huyo hauzi maisha endelevu, anauza betri kufa mapema.

Na hapa niseme kosa langu mwenyewe, maana si kampuni tu. Miaka ya nyuma nilimfungia mzee mmoja mfumo mzuri tu, betri ya risasi ya maji, nikala chai nikaondoka. Sikumwambia kwamba betri ya namna ile haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu, yeye kila usiku mpira ukionyeshwa wanaangalia mtaa mzima mpaka tivii inajizima yenyewe. Haikufika miaka miwili imekufa. Akanunua nyingine, hela ya mahindi. Mimi ningetumia nusu saa tu kumuelekeza yeye na wanawe, kwamba taa hii ikiwa nyekundu zima tivii acha taa, futa paneli kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata joto, usianike dagaa karibu na paneli maana ndege wanakuja na unajua wanachoacha, huo mwembe ukikua utatia kivuli upunguze matawi. Vitu vidogo kabisa. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kuliko unavyodhani kwasababu seli zake zimeungwa mfululizo, moja ikibanwa zingine zinabanwa nayo.

Kwahiyo ukiniuliza kampuni ya umeme wa kijani inahamasishaje watu kuishi vizuri na mazingira yao, jibu langu la kwanza ni hilo, inamrudia mteja. Fundi anayerudi baada ya mwezi, akakaa kwenye mkeka, akamuuliza mama taa inazima saa ngapi, huyo amefanya kazi kuliko tisheti mia. Na fundi huyo awe wa hapo hapo kata, siyo anayetoka mjini kwa boti mpaka hali ya ziwa iruhusu.

Betri sasa. Hii ishu watu hawaiongelei na kwetu ziwani ndo kubwa kuliko zote. Betri ya risasi zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi yenyewe, alafu kuna asidi. Ikifa inaenda wapi? We mwenyewe unajua. Inauzwa kwa wa chuma chakavu, au inapasuliwa na shoka nyuma ya nyumba, asidi inamwagwa mchangani, risasi inayeyushwa kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa ili itengenezwe vizito vya nyavu. Na watoto wamechutama pale wanaangalia kwasababu risasi ikiyeyuka inang'aa, inapendeza. Risasi ikiingia kwa mtoto, kwa moshi au kwa vumbi la mikononi, inaharibu ubongo na haitoki kirahisi, na hakuna kiwango unachoweza kusema hiki ni salama. Nakuambia hivi kwasababu nyumba inaweza kuondoa kibatari kimoja ikaleta sumu kubwa kuliko kibatari, na kwenye ripoti ya kampuni itaandikwa imefaulu.

Betri za siku hizi nyingi kwenye mifumo midogo ni lithiamu, hasa ile ya fosfeti ya chuma, hizo zina nafuu kubwa, hazina risasi, unaweza kuitumia asilimia 80 ya chaji bila kuiumiza na zikitunzwa zinafika miaka nane au kumi. Lakini nazo zinakufa na nazo hazitakiwi kutupwa wala kuchomwa. Serikali ilishatoa kanuni za taka za umeme na elektroniki, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, ndo wanaotoa vibali kwa wanaokusanya. Swali la kumuuliza wakala ni jepesi tu: betri hii ikifa naileta wapi, na nikiileta mnanipunguzia kiasi gani kwenye mpya? Kampuni iliyojipanga ina jibu kabla hujamaliza kuuliza. Isiyojipanga itakuambia "haifi hiyo."

Baba mdogo sasa, mvuvi. Hapa kampuni ya kijani ingeweza kufanya jambo la maana kuliko nyumbani. Dagaa wanavutwa kwa mwanga, zamani wazee walikuwa na karabai, mafuta ya taa usiku kucha, ikaja jenereta ndogo za petroli na sasa wengi wanahamia kwenye taa za LED na betri. Kwa mwenye kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa) hesabu ya mafuta ya usiku mmoja ilikuwa inauma, taa za LED zimeshusha ile gharama na mafuta hayamwagiki majini. Sola ya kuchajia hizo betri mchana, pale mwaloni mitumbwi inapotua, kituo kimoja cha pamoja, unaacha betri asubuhi unachukua jioni kwa malipo ya chaji, hiyo biashara ina akili kuliko kila mvuvi kufungiwa paneli yake ya mkopo juu ya bati.

Maana tatizo la mkopo kwa mvuvi ni kalenda. Rejesho lao ni kila siku au kila wiki, lakini mvuvi wa dagaa hana hela kila siku. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, watu wanalaza mitumbwi wanashona nyavu. Alafu kuna kufungwa kwa ziwa, 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, miezi mitatu. Mimi sipingi kufunga, ziwa lilikuwa limechoka. Lakini mfumo unaojizima ukikosa kulipa siku tatu, kwa nyumba inayotegemea dagaa, maana yake giza miezi mitatu na mtoto anarudi kwenye tochi ya mawe. Tena kuna mikataba ikipita siku kadhaa hujalipa wanakuja kuchukua kifaa na ulicholipa hakirudi. Kampuni inayojua Kigoma ingeandika mkataba unaofuata mwezi na msimu, lipa zaidi dagaa wakitoka, pumzika ziwa likifungwa, deni linasogea mbele bila faini. Hiyo ndo ningeiita endelevu mimi. Muulize baba mdogo kama mkataba wake una kipengele hicho, usiposikia kipengele usikubali ahadi ya mdomo, wakala anabadilishwa kila baada ya miezi michache.

Na piga hesabu ya jumla kabla ya kufurahia shilingi elfu moja kwa siku. Mfano tu, kianzio 50,000 na 1,000 kila siku kwa miaka miwili, ni siku 730, jumla 780,000. Kisha ulizia mjini mfumo huo huo kwa hela taslimu ni bei gani. Tofauti itakuwepo lazima, wanabeba hatari ya kukukopesha, lakini ikiwa zaidi ya mara mbili kaa chini ufikiri, pengine kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapo kijijini kinawatosha.

Kabla sijafika kwenye jiko, kuna hili la gridi. Mji wetu wa Kigoma ulikuwa ukiendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO mpaka 2022 gridi ya taifa ilipoingia, na lita moja ya dizeli inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa kwahiyo lile lilikuwa dude la moshi kweli. Sasa gridi ina bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji, na kwetu kuna mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5. Kama nguzo imeshafika karibu na nyumba yenu, kuunganishwa kijijini ni 27,000, na mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kwa hali hiyo mkopo wa miaka miwili wa taa nne hauna mashiko, hata ukiwa wa kijani vipi. Kampuni mwaminifu itakuambia hilo yenyewe, zipo chache. Kama nguzo iko mbali na hamna dalili, endelea na sola bila wasiwasi.

Jiko. Hapa nitasema ukweli ambao wakala hataupenda: sola ya wati 50 haipiki, na kwa nyumba nyingi za huku kinachomaliza miti ni kupika, taa ni kitu kidogo. Mkaa unatoka Uvinza na huko ndani kwa malori na pikipiki, na tanuru la kienyeji la udongo linaweza kula kilo 7 mpaka 10 za kuni kavu kutoa kilo moja ya mkaa. Kwahiyo wakileta jiko banifu linalopunguza mkaa nusu wamefanya jambo, nakubali. Ila neno "nusu" ni la maabara. Jikoni kwa mama, jiko jipya linawekwa pembeni ya mafiga, ugali wa watu tisa unasongwa kwenye mafiga kwasababu sufuria haikai kwenye kale kajiko, na jiko jipya linachemsha chai. Nani anapima hilo?

Na sababu ya bei ya kutupa ni nini, umejiuliza? Mara nyingi ni kaboni. Kila jiko linaandikishwa, inakadiriwa litaokoa kuni kiasi gani, ule ukadiriaji unauzwa kwa makampuni ya nje yanayotaka kufidia moshi wao. Si wizi, ni mfumo unaojulikana, lakini Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti kwamba miradi ya majiko waliyoipitia ilikuwa imejihesabia kaboni kama mara 9 kuliko iliyookolewa kweli. Chanzo kimojawapo ni hicho hicho, wenye miradi walikadiria kupita kiasi watu wanavyotumia jiko jipya na kuacha lile la zamani. Kwahiyo mama akipewa jiko akasainishwa karatasi, hiyo karatasi huenda inasema haki ya kaboni ya jiko lake ni ya kampuni. Hana hasara kubwa hapo, ila ajue amesaini nini, na ajue kampuni imelipwa na mtu mwingine ili yeye atumie jiko, basi ana haki ya kudai jiko linalotosha sufuria yake na fundi wa kubadilisha udongo ukipasuka.

Nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na jiko la mkaa hata liwe banifu bado ni mkaa. Kwa aliye na luku, preshakuka ya umeme ndo mkombozi, maharage yanaiva kwa chini ya nusu uniti, unafunika unaenda sokoni. Nusu uniti kwa siku ni uniti 15 kwa mwezi, shilingi 1,500 na kodi juu yake kama bado mko chini ya zile 75, linganisha na kisado cha mkaa cha maharage peke yake. Ukivuka 75 angalia, zinazozidi ni 350 moja. Na msimdharau mama wa mawese: yule anachemshia ngazi (matunda ya mchikichi) kwa makapi na vifuu vya mbegu za michikichi badala ya kuni, hajawahi kugawa tisheti hata moja, ila makampuni haya yangeenda kujifunza kwake namna ya kutengeneza mkaa mbadala, malighafi imejaa mabondeni inaoza.

Miti ya shuleni nitaigusa kidogo tu. Mapema miaka ya 90 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipita na ndege juu ya Gombe akaona msitu umebaki ndani ya hifadhi tu, milima ya nje upara, 1994 wakaanzisha TACARE, mradi wa kurudisha misitu pamoja na vijiji, na walichogundua mapema ni kwamba huwezi kumwambia mtu apande miti wakati hana maji, hana zahanati na hana cha kupikia. Nenda pale shuleni Septemba, kiangazi kimekaza, hesabu miche iliyobaki na ulizia nani anaimwagilia na amelipwa na nani. Ikiwa nusu ipo hai na kuna mzee anaitunza, wape maksi. Ikiwa vimebaki vijiti na kibao chenye nembo ya kampuni, umeshapata jibu.

Usimzuie mama. Mwambie asisaini siku ya mkutano, achukue karatasi akalale nayo, we piga picha kila ukurasa na ile lebo ya nyuma ya betri unitumie, nitakuambia kama ni risasi au lithiamu na kama hiyo paneli ni wati 50 kweli au wameandika tu. Nyingine ninazopima zinatoa 30.